Protini zinazopanga kromosomu seli inapogawanyika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa vyuo vya afya, na wa yeyote aliyekutana na maneno haya kwenye majibu ya hospitali. Vitabu vingi vya shule huchora mitosisi, yaani mgawanyiko wa seli, kana kwamba kromosomu zinajiendea zenyewe: zinatokea, zinajipanga katikati, zinaachana. Sivyo. Kuna protini zinazozikunja, zinazozishika na zinazoziachia. Ukitaka kuelewa kwa nini mgawanyiko unafaulu au unaharibika, uliza kila hatua: nani ameshika, na ataachia lini?

Kromosomu na DNA si kitu kimoja?

Hapana. DNA ni uzi. Kromosomu ni uzi huo pamoja na protini zake, na kwa uzito protini hazipungui nusu. Binadamu ana kromosomu 46 katika seli za kawaida za mwili. Kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi waliamini ni 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu vizuri huko Lund, Sweden, na kutangaza mwaka 1956.

Uzi wote wa seli moja ukinyooshwa unafika kama mita 2, na kiini kinachoubeba kina upana wa mikromita 10 hivi, yaani sehemu ya mia ya milimita. Chukua kromosomu namba 1, iliyo ndefu kuliko zote: ina jozi za besi (vipande vidogo vinavyounda uzi wa DNA) milioni 249 hivi, ambazo zikinyooshwa ni sentimita 8 na nusu. Wakati wa metafezi, hatua ya kromosomu kujipanga katikati ya seli, kromosomu hiyo huonekana ikiwa na urefu wa mikromita 10 hivi. Hapo ndipo penye kazi kubwa, na DNA peke yake haiiwezi.

Tulifundishwa kwamba protini ziitwazo histoni ndizo zinazokunja DNA. Hazitoshi?

Hazitoshi. Histoni nane hukaa pamoja, mbili mbili za aina nne (H2A, H2B, H3 na H4), na DNA yenye jozi 147 huzizunguka. Fungu hilo ndilo nyukliosomu. Roger Kornberg alieleza mpangilio huo mwaka 1974, na mwaka 1997 umbo lake lilionekana kwa undani katika fuwele. Lakini nyukliosomu hufupisha uzi mara sita au saba tu. Tena zipo muda wote, seli ikigawanyika au isipogawanyika. Kwa hiyo anayesema kromosomu hukunjamana kwenye mitosisi kwa sababu ya histoni hajajibu swali: kwa nini wakati huo na si wakati mwingine?

Mbona nikiangalia seli kwenye darubini sizioni kromosomu?

Kwa sababu seli nyingi unazoziangalia hazigawanyiki wakati huo. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara huchukua takriban saa 24 kumaliza mzunguko mmoja, na mitosisi yenyewe ni saa moja hivi. Muda uliobaki uzi umetawanyika ndani ya kiini, na huwezi kutenganisha kromosomu moja na nyingine kwa macho.

Ukitaka kuziona mwenyewe, kitunguu maji kinatosha. Kikalishe juu ya glasi ya maji mpaka mizizi ichomoze, kisha kata milimita 2 za ncha tu. Ukikata mbali na ncha hutapata seli zinazogawanyika. Loweka ncha hizo kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu na asidi asetiki kali sehemu moja. Baadaye zipitishe dakika chache kwenye asidi hidrokloriki ya 1 M yenye joto la nyuzi 60, mwalimu akiwa karibu, ili seli zilegee. Weka tone la rangi ya asetiki-orseini, funika kwa kioo chembamba, weka karatasi ya kunyonya maji juu yake, halafu bonyeza wima kwa kidole gumba. Usikiteleze kioo, utazivuruga.

Kwenye ukuzaji wa mara 400 utaona viini vingi vya mviringo vyenye chengachenga, na hapa na pale seli yenye vijiti vinene vilivyokolea rangi. Kitunguu kina kromosomu 16. Tafuta seli ambayo vijiti viko makundi mawili yanayokwenda pande mbili, kisha utafute zile ambazo vijiti bado viko katikati. Walther Flemming alikaa akiangalia mambo ya namna hii katika seli za viluwiluwi vya salamanda huko Kiel, Ujerumani, na kitabu chake cha mwaka 1882 bado ndicho msingi wa michoro tunayofundishia.

Basi ni protini gani inayokunja kromosomu kwenye mitosisi?

Kondensini ndiyo yenye sehemu kubwa. Tatsuya Hirano na Tim Mitchison waliipata kwenye mayai ya chura wa Xenopus, wa asili ya kusini mwa Afrika, na kazi yao ya kwanza ilitoka mwaka 1994. Chura huyo alikuwa ameshasambaa duniani kwa sababu alitumika kupima ujauzito, na mayai yake yana shehena ya kila kitu ambacho kiinitete kitahitaji kugawanyika haraka. Ukiyazungusha kwenye mashine mpaka yapasuke, unapata ute. Ukitia viini vya mbegu za kiume ndani ya ute huo, kromosomu zinajikunja ndani ya kijaribio, bila seli yoyote. Ondoa kondensini, na hazikunjiki ipasavyo. Kwangu mimi hilo ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote ya biolojia ya seli, kwa sababu linakuwezesha kuuliza swali moja na kupata jibu moja.

Kazi yake ni kutengeneza vitanzi. Kondensini inakamata uzi wa DNA, halafu inauvuta upite ndani yake, na kitanzi kinakua. Mvuvi anapopandisha mshipi, uzi hulala miguuni kwa vitanzi. Urefu ni uleule, nafasi ndiyo imepungua. Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa dhana. Mwaka 2018 maabara ya Cees Dekker ya Delft, Uholanzi, pamoja na ya Christian Haering ya Heidelberg, Ujerumani, walilionyesha waziwazi. Walifunga ncha zote mbili za uzi mmoja wa DNA kwenye kioo, wakautia rangi inayong'aa, wakaongeza kondensini ya hamira na ATP, yaani nishati ya seli. Kwenye darubini nukta angavu ilitokea juu ya uzi, na walipopitisha maji kwa ubavu ikaonekana kuwa ni kitanzi kinachozidi kurefuka. Kasi ilifika hadi jozi 1,500 kwa sekunde. Kondensini hiyo ilivuta kutoka upande mmoja tu, upande wa pili umetia nanga.

Kuna kondensini moja au mbili?

Binadamu ana mbili. Kondensini II iko ndani ya kiini tangu mwanzo, kwa hiyo inaanza kazi mapema. Kondensini I inasubiri nje mpaka utando wa kiini uvunjike. Utafiti wa mwaka 2018 kwenye seli za kuku ulionyesha mgawanyo wa kazi: II hufanya vitanzi vikubwa vya jozi 400,000 hivi, na I huvigawa ndani yake kuwa vidogo vya jozi 80,000 hivi. Vitanzi hivyo vinapangika kuzunguka mhimili uliojipinda.

Uzi mrefu namna hiyo haufungani mafundo?

Hufungana, na DNA ya kromosomu pacha hubaki imesokotana baada ya kunakiliwa. Kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi II huukata uzi mmoja pande zote mbili, ikapitisha uzi mwingine kwenye pengo, kisha ikauunga tena. Bila hiyo kondensini ingekaza mafundo badala ya kuyatenganisha. Dawa za saratani kama etoposidi na doksorubisini hufanya kazi hapa: humnasa kimeng'enya huyo akiwa ameshakata na bado hajaunga.

Kwa nini kromosomu huchorwa kama herufi X?

Mchoro huo ni wa wakati mmoja tu katika maisha ya kromosomu, na wanafunzi wengi huuchukua kuwa ndio sura yake ya kila siku. Kabla ya mgawanyiko kila kromosomu imenakiliwa, kwa hiyo kuna kromatidi mbili zilizo sawa. Zinashikwa pamoja na kohesini, protini yenye umbo la pete. Maabara ya Kim Nasmyth, Vienna, na ya Doug Koshland, Baltimore, ziliitambua mwaka 1997 kwa kutumia hamira. Pete hiyo huzizunguka kromatidi zote mbili tangu DNA inaponakiliwa.

Mitosisi inapoanza, kohesini nyingi za mikononi hufunguliwa na kuondoka. Zile za sentromia, yaani kiuno cha kromosomu, zinabaki kwa sababu zinalindwa na protini iitwayo shugoshini, ambayo huzuia zisitiwe alama ya kuondoka. Mikono ikilegea huku kiuno kimebanwa, unapata X. Kwa hiyo ukiona X, unaangalia mahali kohesini ilipobaki na mahali ilipoachia.

Nani anatoa ruhusa ya kuachana?

Kimeng'enya kiitwacho separesi. Kinakata kiungo kimoja cha pete ya kohesini, pete inafunguka, na kromatidi zinavutwa pande zao. Lakini je, kukata pete peke yake kunatosha, au kuna jambo jingine linalotokea wakati huohuo? Mwaka 2000 Frank Uhlmann na wenzake waliokuwa kwa Nasmyth walijibu kwa ustadi. Waliweka kwenye kohesini ya hamira kipande kinachokatwa na kimeng'enya cha kirusi cha tumbaku, ambacho seli ya hamira haina. Wakaizuia seli isifike anafezi, hatua ya kromosomu kuachana, kisha wakawasha kimeng'enya hicho cha kigeni. Kromosomu ziliachana. Kukata pete kulitosha.

Ndiyo maana separesi haiachwi ikazurura. Muda wote imeshikwa na protini nyingine, sekurini. Sekurini huharibiwa pale tu seli inapotoa amri, na amri hiyo ni ya moja kwa moja: ikishatoka haina kurudi nyuma.

Seli inajuaje kwamba kromosomu zote ziko tayari?

Kwenye sentromia hujengwa kituo kiitwacho kinetokori. Hapo ndipo nyuzi za mikrotubuli kutoka ncha za seli zinaposhika. Msingi wake ni aina ya pekee ya histoni, CENP-A, iliyogunduliwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea: damu ya wagonjwa wa skleroderma, ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Kinga ya mwili yao hutengeneza kingamwili zinazoshika sentromia, na mwaka 1985 William Earnshaw na Naomi Rothfield walizitumia kuzitambua protini hizo. Wagonjwa hao wanastahili kutajwa kila tunapoifundisha mada hii.

Kinetokori ambayo haijashikwa na mikrotubuli hutuma ishara ya kusimamisha. Protini kama Mad2 na BubR1 hukusanyika hapo na kuizuia mashine inayoharibu sekurini. Ishara ya kinetokori moja tu inatosha kuchelewesha seli nzima. Conly Rieder na wenzake, Albany, New York, walithibitisha hilo mwaka 1995: walisubiri mpaka ibaki kinetokori moja isiyoshikwa, wakaiteketeza kwa leza. Muda mfupi baadaye seli iliingia anafezi, ingawa kromosomu yenyewe ilikuwa haijafika mahali pake. Kilichoizuia seli kilikuwa ile ishara.

Kushikwa tu hakutoshi, maana kromatidi zote mbili zinaweza kushikwa kutoka upande mmoja. Kinachohakikishwa ni mvutano. Bruce Nicklas alikuwa akichukua seli za korodani za panzi, akaivuta kromosomu kwa sindano ya kioo nyembamba mno. Kazi yake na Carl Koch ya mwaka 1969 ilionyesha kwamba mshiko usio sahihi, ambao kwa kawaida hulegea wenyewe, unadumu ukiuvuta kwa sindano. Leo tunajua kimeng'enya Aurora B ndicho hulegeza mishiko isiyo na mvutano ili nyuzi zijaribu tena. Na mvutano unawezekana kwa sababu kohesini bado imeshika katikati. Kohesini ikiachia mapema, seli haiwezi tena kujua ipi imeshikwa sawa.

Nina mtoto mwenye Down sindromu. Nilimzaa nikiwa na miaka 39. Nilikosea wapi?

Hukukosea popote, mama. Mwaka 1959, jijini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walionyesha kwamba watoto hawa wana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Mara nyingi ya ziada hutokana na yai ambalo kromosomu zake hazikuachana vizuri lilipokuwa likikamilika. Mara chache hutoka upande wa baba.

Mayai yako yote yalianza kutengenezwa wewe ukiwa tumboni kwa mama yako. Kohesini iliyozishika kromosomu za mayai hayo, ya aina iitwayo REC8, iliwekwa wakati huo, halafu yai likasimama katikati ya mgawanyiko likisubiri zamu yake kwa miaka mingi. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba pete hizo hazibadilishwi na mpya, na kwamba mayai ya panya wenye umri mkubwa yana kohesini pungufu. Kwa hiyo umri unahesabika: kwa mama wa miaka 35 ni karibu mtoto 1 kati ya 350, na kwa miaka 40 karibu 1 kati ya 100. Bado idadi kubwa ya wanaozaa katika umri huo hupata watoto wasio na hali hii, na wasichana wa miaka 20 nao huwazaa watoto wenye Down. Hakuna chakula ulichokula, mzigo uliobeba wala neno lililosemwa nyumbani linaloweza kufungua pete zilizowekwa kabla hujazaliwa. Anayekulaumu hajui kitu hiki kinavyotokea, na unayo haki ya kumwambia hivyo.

Ukitaka kushika mimba tena, zungumza na daktari kuhusu ushauri wa kijenetiki. Mtoto uliye naye anahitaji kupimwa moyo na tezi ya shingo. Hayo ni muhimu kuliko kutafuta wa kumlaumu.

Majibu ya kinyama cha baba yameandikwa "Ki-67: 40%". Ndiyo nini hiyo?

Ki-67 ni protini inayopatikana ndani ya seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika, na haimo katika seli iliyopumzika. Asilimia 40 ina maana kwamba kati ya seli 100 za uvimbe zilizohesabiwa, 40 hivi zilikuwa katika mzunguko huo. Namba hiyo huonyesha kasi ya uvimbe. Haisemi peke yake kama mgonjwa atapona. Isomwe pamoja na aina ya saratani, hatua yake na vipimo vingine, na daktari aliyeomba kipimo ndiye wa kuieleza. Aina fulani za saratani hukubali dawa vizuri zaidi zinapokuwa na kasi kubwa.

Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1983 huko Kiel, mji uleule wa Flemming. Kwa miongo mitatu watu waliipima bila kujua inafanya kazi gani. Mwaka 2016 watafiti wa Vienna waligundua kwamba inajipanga juu ya kromosomu kwenye mitosisi, nyuzi zake zenye chaji zikichomoza nje, na hivyo kuzizuia kromosomu zisigandamane.

Dawa za saratani zinaingiaje kwenye habari hii?

Tuanze na jirani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo unabeba jina lake. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: wataalamu wa patholojia hutarajia Ki-67 ikaribie asilimia 100. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa Mulago, na tiba ya uvimbe huo ikawa sehemu kubwa ya kazi yake.

Mojawapo ya dawa zinazotumika ni vinkristini. Inatoka kwenye kile kimmea cha asili ya Madagaska, chenye maua ya pinki au meupe, kinachopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani. Vinkristini huzishika protini za kujengea mikrotubuli zisiungane. Kinetokori zinabaki bila cha kuzishika, ishara ya kusimamisha haizimiki, kohesini haikatwi, na seli inakwama katikati ya mitosisi mpaka ife. Paklitakseli, iliyotoka kwenye magome ya mti wa Marekani, hufanya kinyume: inazuia mikrotubuli zisibomoke. Mwisho wake ni uleule, kwa sababu mikrotubuli isiyoweza kubadilika haiwezi kupanga kitu.

Mishipa ya fahamu nayo hutumia mikrotubuli kusafirisha mizigo yake. Ndiyo maana mtoto anayepewa vinkristini hupata ganzi au tumbo kufunga, na ni lazima mwambieni nesi mkiona hayo. Na tafadhali, msichemshe majani ya mmea huo nyumbani. Ni sumu, kipimo chake hakijulikani, na dawa ya hospitali hutolewa kwa mshipa tu.

Kwenye mtihani nitaje protini zote hizi?

Soma mtaala wako kwanza. Mara nyingi histoni, sentromia na nyuzi za mikrotubuli zinatosha. Ila ukieleza kwamba kondensini hukunja, kohesini hushika na separesi hukata, mpangilio wa hatua za mitosisi hautakusumbua tena kuukariri.

Baada ya kuachana, kromosomu zinarudije kuwa kiini?

Mwishoni mwa anafezi kromosomu zinasogeleana, na Ki-67 inaacha kuzitenganisha. Protini ndogo iitwayo BAF hujipanga juu ya fungu zima na kuunganisha nyuzi za nje, hivyo utando mpya unazunguka fungu lote badala ya kuingia katikati ya kromosomu moja moja. Kazi hiyo ilielezwa mwaka 2017, tena Vienna. Seli zilizonyimwa BAF hupata viini vidogo vingi badala ya kimoja. Kondensini I hutoka, vitanzi vya mitosisi vinalegea, na ndani ya saa chache kohesini inarudi juu ya DNA kutengeneza vitanzi vya namna nyingine, vile vinavyosaidia jeni kuwashwa na kuzimwa. Pete za kuwashika kromatidi mapacha hazitawekwa mpaka seli itakapoanza kunakili DNA tena.